Swali la Kwanza la Abla Fikriya

Bonde la Ghor, Yordani
4 Oktoba 1997

Kwa mpwa wangu Ibtihal binti Mitwalli, na kwa yeyote atakayekuwa amekaa karibu barua hii ikisomwa:

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya mashauriano marefu na kioo, natangaza rasmi kwamba masharubu ya mjomba wako Shehata, yaliyoota mwaka 1974 na kuhudumu miaka ishirini na mitatu bila likizo hata ya siku moja, hayapo tena. Yalifikwa na mauti Jumanne iliyopita, jiko la mafuta ya taa liliporipuka nami nimeinama kuonja mayai. Hakuna matanga. Wenye rambirambi wazile wao wenyewe. Vijana wa hema letu wanasema nimekuwa kama mtoto wa darasa la pili aliyezeeka ghafla, na mmoja ameniuliza kama mama yangu anajua nilipo.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Mimi mzima. Nyanya nazo nzima kuliko mimi, maana zinalala ndani ya mahema ya plastiki na kumwagiliwa mara mbili kwa siku, na hakuna anayezipigia kelele. Nisalimie dada yangu Inshirah, mwambie namkumbuka kila nikila jibini ya hapa isiyo na chumvi. Msalimie baba yako Mitwalli. Msalimie nyati wenu wa maziwa na punda, kwa mpangilio huo.

Sasa niambie. Abu Dayf wetu wa kijijini, mwenzangu wa hema, amerudi kutoka Misri wiki hii, amekuja na habari kwamba umeingia sekondari ya kilimo. Nikamwambia, "Abu Dayf, hiyo safari ya feri imekuchanganya. Huyo ni mwingine. Ibtihal wetu alama zake zilitosha sekondari ya kawaida, na udaktari juu yake." Akaapa. Mwanangu, watu huenda shule ya kilimo kwa sababu alama zimewafukuza kila mahali pengine. Mimi ni ushahidi unaotembea. Nani kakuroga? Nijibu upesi, kabla sijaja kukuvuta sikio.

Mjomba wako asiye na masharubu,
Shehata


Kafr Sawaqi
11 Novemba 1997

Kwa Mjomba Shehata, mhandisi wetu,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Naubusu mkono wako. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Nyati amezaa dume, Baba akanuna siku nzima kama vile nyati alifanya makusudi. Mama ana mimba ya miezi sita. Miguu inamvimba, lakini bado anakanda mkate wote mwenyewe. Kila mara namwambia nipe mimi nikande, na kila mara anasema, "Wewe kasome."

Baba aliposikia habari ya masharubu yako alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alisema tu, "Shehata? Masharubu?" akatoka kwenda kuwapa kuku chakula.

Umeniuliza kwa nini. Ajabu ni kwamba swali hilo hilo ndilo lililotufungulia mwaka shuleni. Abla Fikriya, mwalimu wetu wa mazao, alitugawia karatasi siku ya kwanza. Swali la kwanza: "Kwa nini ulichagua shule ya kilimo?" Darasa zima likacheka. Samah akasema, "Abla, sisi tulichagua? Sisi tumemwagwa hapa." Abla akasema, "Basi andika umemwagwa, lakini andika na nani." Tukaandika. Samah kaandika anasubiri posa, na shule hii iko karibu na kwa shangazi wa bwana harusi. Bayumi kaandika kwamba mwenye cheti anakaa jeshini muda mfupi kuliko asiye nacho. Mwingine kaandika baba yake amesikia kuna ardhi ya jangwani wanagawiwa wahitimu. Mmoja tu, Atris, kaandika kwamba anapenda ng'ombe, na tangu siku hiyo hana amani.

Mimi sikuandika kitu. Abla alikuja mezani kwangu, akatazama alama zangu kwenye daftari lake, akatazama karatasi tupu, akasema, "Wewe chukua muda wako."

Kazi ya pili ni kwamba kila mmoja amtafute ndugu aliyesoma kilimo amuulize maswali hayo hayo. Wewe ndiye pekee katika ukoo mzima. Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Tafadhali ijaze yote, Mjomba, hasa swali la kwanza na la saba. La saba linasema: "Ulichojifunza shuleni kimewasaidiaje watu wa kwenu?"

Mpwa wako,
Ibtihal


Ghor
9 Januari 1998

Mpwa wangu, mtafiti mkuu,

Ramadhani karimu, ingawa ikikufikia barua hii itakuwa Idi imeshapita na biskuti zimeisha. Tunafunga ndani ya mahema haya na jasho linatutoka wakati wa baridi, basi ukisikia mtu anasifu nyanya za msimu wa baridi, mpige kwa niaba yangu. Nimefurahi kuhusu nyati. Mwambie Mitwalli dume naye ni riziki, asimnunie mgeni. Dada yangu asibebe ndoo.

Karatasi ya mwalimu wako nimeijaza, nairudisha. Ili usisubiri, majibu ni haya.

Kwa nini nilichagua kilimo? Mbele ya lango la shule kulikuwa na mzee anayeuza ful ya maharage na vitunguu vibichi, na bibi yako alikuwa akinipa hela ya kifungua kinywa. Ningechagua shule ya biashara, ningekufa njaa. Nilisoma nini? Nilisoma kuruka ukuta. Mtihani wa mwisho nilifanya vizuri sana, kwa sababu aliyekaa mbele yangu alikuwa na mgongo mwembamba. Nikatoka na cheti, nikapata meza pale kwenye ghala la ushirika, na kabla sijakalia kiti wanakijiji wote wakaanza, "Karibu bwana mhandisi, kunywa chai bwana mhandisi." Ningewaambia nini? Mhandisi wa kweli anakaa chuo kikuu miaka minne. Uhandisi wangu mimi ulikuwa chai tu. Lakini neno hilo tamu, Ibtihal. Ukishaitwa mara kumi unaanza kugeuka kabla hujaitwa.

La saba nimeliacha. Kalamu iliishiwa wino.

Na wewe usidhani sikuona. Mimi nimejibu la kwanza, wewe hujajibu.

Mjomba Shehata


Kafr Sawaqi
17 Februari 1998

Mjomba wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Mama amejifungua salama tarehe sita, mtoto wa kike, Nawara. Ana nywele nyingi na hasira nyingi. Siku ya saba tulimpepeta kwenye ungo kama kawaida, wanawake wakipiga kinu na kumwambia amsikilize mama yake asimsikilize baba yake, na Baba yuko mlangoni anasema, "Aa, ndiyo mnaanza mapema hivyo?" Kwa kitambo kidogo nyumba ilikuwa kama zamani.

Abla Fikriya alisoma majibu yako darasani. Walicheka sana, Bayumi anataka kujua yule muuza ful kama bado yupo. Abla mwenyewe alitabasamu, halafu akanirudishia karatasi akasema, "Mjomba wako mcheshi. Lakini hajajibu. Mtu anayejibu vizuri namna hii na kuacha moja, ile moja ndiyo ninayoitaka."

Mjomba, nitakujibu mimi kwanza basi.

Mama hali mkate niliokanda mimi. Tangu mdogo wangu Masaad afariki, mwezi wa sita mwaka juzi, hajawahi. Hanitukani, hanipigi, hasemi kitu. Nikiweka mkate sinia moja na wake, mkono wake unaupita. Siku moja shangazi alisahau akamkatia kipande cha wangu, Mama akakitafuna nusu, akauliza nani kakanda, akaenda nje. Ni kwa sababu mimi ndiye niliyeingia na kile kikopo katika chumba cha ngano. Mikono hii ndiyo iliyoweka vidonge vya kuua fukusi.

Daktari wa kituo aliandika kwamba Masaad alikufa kwa moyo. Moyo wa mtoto wa miaka minne! Nyumbani wanasema nilikosea hesabu. Sijui kama nilikosea. Hicho ndicho ninachotaka kujua, na hakifundishwi sekondari ya kawaida wala udaktari hauanzi nacho. Wadudu wa ghalani ni somo la muhula wa pili, mwaka wa kwanza, shule ya kilimo. Ndiyo sababu nilichagua.

Baba amekuambia kwamba mwaka jana aliuza ngano yote pale pale kwenye uwanja wa kupuria. Mwaka huu anasema ataweka ndani tena, kwa ajili ya Nawara na maziwa ya Mama.

Na kitu kimoja. Nakumbuka ulivyoapa siku ile uani. Ulishika masharubu ukasema likitokea lolote utayanyoa. Jiko kweli liliripuka?

Ibtihal


Ghor
14 Machi 1998

Ibtihal,

Nimeanza barua hii mara tatu. Hongereni kwa Nawara, Mungu amkuze. Natuma kitambaa cha gauni la mtoto na kingine cha Inshirah, rangi alichagua Abu Dayf, kwa hiyo lawama ni zake.

Nakushauri kama mzazi wako: hama shule hiyo mwaka ukiisha. Alama unazo. Kuna mambo mtu akiyachimba hapati maji, anapata shimo tu. Wewe ulikuwa mtoto. Hakuna anayekulaumu, ni huzuni ya mama yako tu, itapita.

Huku upepo umepasua mahema mawili. Kazi nyingi.

Mjomba wako


Kafr Sawaqi
2 Aprili 1998

Mjomba,

Salamu zote. Kitambaa kimefika. Mama alikipokea.

Somo lenyewe limefika pia. Jumatatu Abla Fikriya alileta kikopo kitupu cha vile vidonge, kile kile cha bati chenye maandishi ya kigeni pande zote. Alisema hivi, nami niliandika neno kwa neno: kidonge kikipata unyevu wa hewa kinatoa gesi, gesi hiyo ndiyo inayoua fukusi, na haichagui kati ya fukusi na mtu. Akasema dawa hii haiwekwi kamwe katika nyumba wanamolala watu. Haijalishi ni vidonge vingapi. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Abla, na kama chumba cha ngano kina dirisha la nje, na tundu juu ya ukuta linaloingia chumba cha kulala, kisha lile dirisha la nje likazibwa kwa udongo?" Akaniuliza, "Nani angeziba dirisha la nje?" Nikasema, "Mtu." Akakaa kitini. Akasema, "Basi gesi yote itapita kwenye tundu."

Masaad alikuwa na surua, ndiyo maana alilala ndani na Mama, na sisi wengine juu ya paa kwa ajili ya joto. Mama alitapika siku mbili. Wote tulisema ni surua imemwambukiza.

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Baba. Alikuwa anakata majani ya nyati. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba wako ni mhandisi wa ushirika. Alikisoma kile kikopo kwa macho yake, mbele yangu, akasema imeandikwa dirisha lizibwe. Wewe una miezi sita shuleni, utamsahihisha? Safari hii nitaviweka mwenyewe, nihesabu mwenyewe, na hakutatokea kitu." Nikamwambia mwalimu anasema kinyume. Akasema, "Huyo mwalimu simjui. Shehata namjua."

Amekwisha kununua kikopo, Mjomba. Kiko juu ya kabati. Tutavuna katikati ya Mei. Nawara analala pale pale alipokuwa analala Masaad, chini ya lile tundu, kwa sababu ndipo penye kivuli.

Jana nilijificha nikachanganya udongo na makapi nikaliziba lile tundu. Baba alilizibua jioni ile ile, akasema chumba kitakosa hewa.

Sikuombi maneno ya kunifariji. Nakuomba useme kilichoandikwa kwenye kile kikopo. Atakuamini wewe tu.

Ibtihal


Ghor
27 Aprili 1998

Kwa Mitwalli, shemeji yangu, na kwa dada yangu Inshirah. Ibtihal awasomee, na asiruke hata neno.

Abu Dayf anaondoka leo na lori la saa nne asubuhi. Nimempa barua hii mkononi na nimemwapisha kwamba hatapita kwake kwanza. Mkishaisoma, mpeni kile kikopo akirudishe dukani hata wakikataa kurudisha pesa. Mitwalli, ngano iuze, au itie kwenye magunia uiweke kwa jirani mwenye ghala lililo mbali na nyumba. Usiweke kidonge hata kimoja. Mwalimu wa binti yako amesema kweli yote. Nimesema mambo mengi ya mzaha kwenu, hili si mojawapo.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Ile siku ulinipa kile kikopo uani, Mitwalli, ukaniuliza kimeandikwa nini. Maandishi yalikuwa ya kigeni. Mimi sijui lugha hiyo. Sikuijua shuleni, sikuijua ushirika, siijui leo. Pale ghalani kazi yangu ilikuwa kugawa mbolea na kugonga muhuri. Vikopo hivyo nilikuwa nikivitoa kwa watu na wao wananiuliza, nami nawajibu kitu chochote kinachofanana na akili, na kwa kuwa wengi wana maghala yao shambani, hakuna aliyepata dhara, nami nikazidi kujiamini.

Ningeweza kusema, "Mitwalli, sijui, ngoja kesho nimuulize mhandisi wa wilaya." Alikuwa anakuja kila Jumatano. Siku ile ilikuwa Jumanne. Ilikuwa siku moja tu. Lakini mlikuwa mmenikalisha kwenye mkeka mpya, Inshirah amenichinjia bata, na majirani wawili wamekaa wanasubiri mhandisi aseme. Nikakigeuza kikopo. Nikakunja uso. Nikapitisha kidole chini ya mistari kama mtu anayesoma. Nikasema, "Imeandikwa dirisha lizibwe kwa udongo, hewa isitoke." Nilifikiri tu: dawa ikitoka nje, si itapotea bure? Hiyo ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo. Ile idadi ya vidonge pia niliitunga. Kisha nikamwambia Ibtihal aingie yeye, kwa kuwa ni mwembamba na magunia yamebanana. Akaniuliza mara mbili idadi, akairudia kwa vidole. Hakukosea hesabu, Inshirah. Alifanya hasa kama nilivyomwambia. Hilo ndilo kosa lake lote.

Tundu la juu ya ukuta nililiona. Nilikuwa nimekaa nalitazama. Halikunijia akilini.

Masaad alipofariki sikujua mara moja. Nilijua siku ya pili, nilipokwenda ghalani nikamkuta mhandisi wa wilaya, nikamuuliza kama kwa utani tu, "Hivi vidonge vikiwekwa nyumbani inakuwaje?" Akaniambia. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema kuna mtu wa kijiji kingine. Siku kumi baadaye nilikuwa kwenye feri. Niliwaambia nafuata kazi. Kazi nilikuwa nayo.

Masharubu hayakuungua. Abu Dayf aliponiambia kwamba Ibtihal ameingia shule ya kilimo, nilijua anatafuta nini, na nilijua atakipata, kwa sababu tangu mdogo alikuwa akianza kitu hakiachi. Nikayanyoa siku ile ile. Nikaona nimelipa, kisha nikawaandikia barua ya kuchekesha.

Swali la saba la Abla Fikriya, jibu ni hili hapa juu. La kwanza jibu lake ni kwamba sikuchagua. Aliyechagua katika ukoo huu ni mmoja.

Imebaki moja, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko kikopo. Siku ya tatu ya msiba tulikuwa sebuleni, mimi, Mitwalli, na Inshirah akizungusha kahawa chungu ya matanga. Mitwalli, ulimwita Ibtihal, ukamuuliza mbele yetu sote, polepole, bila ukali: "Mwanangu, una hakika ulihesabu vizuri?" Hakukutazama wewe wala mama yake. Alinitazama mimi, alikuwa akingoja niseme, maana mimi ndiye niliyempa ile idadi. Alingoja sana.

Mimi nikanyoosha kikombe changu niongezewe kahawa. Na dada yangu akanimiminia.